Urekebishaji wa kasi ya prosesa ya kompyuta mpakato

Urekebishaji wa kasi ya prosesa ni kubadilisha idadi ya mapigo ambayo prosesa ya kompyuta hufanya kwa sekunde, pamoja na volteji inayopewa, kwa kutumia programu bila kubadilisha vifaa. Katika kompyuta mpakato jambo hili hufanyika muda wote bila mtumiaji kuliona: mfumo wa uendeshaji na prosesa yenyewe hupandisha kasi kazi inapokuwa nyingi na kuishusha kazi inapopungua. Mtumiaji naye anaweza kuingilia kati ili kompyuta iongeze kasi, ipoe, ipunguze kelele ya feni au idumu na chaji kwa muda mrefu zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba kurekebisha kasi maana yake ni kuiongeza. Kwenye kompyuta mpakato kinachoizuia prosesa mara nyingi ni joto na kiasi cha umeme inachoruhusiwa kutumia. Kwa sababu hiyo marekebisho yenye faida zaidi kwa kawaida ni yale ya kupunguza: kupunguza volteji, kupunguza kikomo cha nguvu au kupunguza kasi ya juu kabisa.

## Kasi, volteji na joto

Prosesa hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa yake ya ndani. Mapigo hayo hupimwa kwa hezi. Prosesa ya gigahezi 2 (GHz) hupata mapigo bilioni 2 kwa sekunde. Namba hiyo peke yake haitoshi kulinganisha prosesa mbili za aina tofauti, kwa kuwa prosesa mpya kwa kawaida hukamilisha kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Lakini kwa prosesa ileile, mapigo yakiongezeka hesabu zinazofanyika kwa sekunde huongezeka pia.

Kila pigo lina gharama. Ndani ya prosesa za siku hizi kuna mabilioni ya transista zinazowashwa na kuzimwa kama swichi, na kila mara hali inapobadilika chaji kidogo ya umeme hujazwa au kumwagwa. Nguvu inayotumika kwa kazi hiyo hukadiriwa kwa kanuni ifuatayo:

P = a × C × V² × f

Hapa P ni nguvu kwa wati, C ni uwezo wa saketi kuhifadhi chaji, V ni volteji, f ni kasi ya mapigo, na a ni sehemu ya saketi inayobadilika hali katika kila pigo. Pamoja na nguvu hiyo kuna umeme unaovuja kupitia transista hata zinapokuwa zimetulia. Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto.

Jambo la kuzingatia ni kwamba volteji imepigwa mraba. Kasi ikipungua nusu, nguvu hupungua nusu. Volteji ikipungua nusu, nguvu hubaki robo. Tena mambo haya mawili hufungamana. Transista huhitaji volteji kubwa ili zibadilike haraka, hivyo kasi inaposhushwa volteji nayo inaweza kushushwa, na faida hupatikana pande zote mbili.

Mfano mzuri ni Pentium M ya 1.6 GHz, prosesa ya kompyuta mpakato iliyotolewa na Intel mwaka 2003. Ilikuwa na hatua sita za kasi, kila moja na volteji yake:

| Kasi | Volteji |
|---|---|
| 1.6 GHz | 1.484 V |
| 1.4 GHz | 1.420 V |
| 1.2 GHz | 1.276 V |
| 1.0 GHz | 1.164 V |
| 800 MHz | 1.036 V |
| 600 MHz | 0.956 V |

Kasi ya megahezi 600 (MHz) ni asilimia 37.5 ya 1.6 GHz, lakini kwa kanuni iliyotajwa juu nguvu ya kubadilisha hali za transista hushuka hadi takriban asilimia 16. Joto ambalo kompyuta ilitakiwa kuweza kuliondoa lilikadiriwa kuwa wati 24.5 kwenye hatua ya juu na wati 6 kwenye hatua ya chini.

Jedwali hilo linaonyesha pia kwamba hatua za mwisho za kasi ndizo ghali zaidi. Kutoka 1.4 GHz hadi 1.6 GHz kasi iliongezeka kwa asilimia 14 hivi, lakini nguvu iliongezeka kwa karibu asilimia 25. Mtu anayekubali kupoteza sehemu ndogo ya kasi ya juu huokoa sehemu kubwa ya joto.

## Kikomo cha joto

Kompyuta mpakato ina nafasi ndogo, feni ndogo na betri ndogo kuliko mahitaji ya prosesa yake inapokimbia kwa nguvu zote. Prosesa hupima joto lake yenyewe. Joto linapofika kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, ambacho kwa prosesa nyingi huwa karibu nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Hali hiyo ikiendelea, mtumiaji huona kompyuta iliyoanza kazi kwa haraka ikizidi kuwa nzito baada ya dakika chache.

Joto la hewa ya chumba huingia moja kwa moja katika hesabu hii, kwa kuwa feni hupooza kwa kutumia hewa iliyopo. Katika chumba chenye nyuzi 20 kuna tofauti ya nyuzi 80 kati ya hewa na kikomo cha nyuzi 100. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 katika miezi ya joto, tofauti hiyo huwa chini ya nyuzi 70. Kifaa kilekile cha kupoozea basi huweza kuondoa joto pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane, na kompyuta iliyofanya kazi vizuri mahali pa baridi inaweza kuanza kujipunguzia kasi.

## Historia

Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kiwango cha pamoja kiitwacho ACPI. Kiwango hicho kiliupa mfumo wa uendeshaji njia moja ya kusimamia matumizi ya umeme ya kompyuta, kazi ambayo awali ilitegemea zaidi BIOS, yaani programu iliyohifadhiwa kwenye ubao mama.

Januari 2000 Intel ilianzisha teknolojia ya SpeedStep kwenye Pentium III za kompyuta mpakato. Prosesa za 600 MHz na 650 MHz zilishuka hadi 500 MHz kompyuta ilipotumia betri, na volteji ikashuka kutoka 1.6 hadi 1.35. Zilikuwa hatua mbili tu. Mwezi huohuo kampuni ya Transmeta ilitangaza prosesa ya Crusoe, ambayo teknolojia yake ya LongRun ilibadilisha kasi na volteji kwa hatua nyingi kulingana na kazi iliyopo. AMD nayo ilitoa PowerNow! mwaka huohuo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupanda. Mwaka 2008 Intel ilianzisha Turbo Boost, na mwaka 2009 ikaifikisha kwenye kompyuta mpakato. Kwa teknolojia hiyo prosesa hupita kasi yake ya msingi kwa muda, mradi joto na umeme vinaruhusu. AMD ilitoa Turbo Core mwaka 2010. Tangu hapo prosesa moja huwa na kasi mbili zinazotangazwa. Core i5-8250U, kwa mfano, ina kasi ya msingi ya 1.6 GHz na kasi ya juu ya 3.4 GHz, ingawa imekadiriwa kwa wati 15. Muda ambao prosesa hiyo hukaa karibu na 3.4 GHz hutegemea kompyuta ilimofungwa. Ndiyo sababu kompyuta mbili zenye prosesa ileile zinaweza kutofautiana sana.

Mwaka 2015 Intel ilitoa prosesa za familia ya Skylake zikiwa na Speed Shift. Uamuzi wa kasi ulihamia ndani ya prosesa, na mfumo wa uendeshaji ukabaki kuweka mipaka na kueleza iwapo unapendelea kasi au uokoaji wa umeme. Hivyo prosesa huitikia mabadiliko ya kazi kwa haraka zaidi.

## Njia za kurekebisha

### Windows

Windows ina mipango ya umeme inayoweka uwiano kati ya kasi na uokoaji wa chaji. Ndani ya kila mpango kuna kiwango cha chini na cha juu cha prosesa, vinavyoandikwa kwa asilimia na kutenganishwa kati ya wakati wa kutumia betri na wakati wa kutumia chaja. Kwenye kompyuta nyingi, kushusha kiwango cha juu kutoka asilimia 100 hadi 99 huzima kasi ya ziada ya Turbo Boost. Badiliko hilo dogo hupunguza joto na kelele kwa kiasi kikubwa, lakini kazi nzito huchukua muda mrefu zaidi. Katika baadhi ya kompyuta mpya mpangilio huu umefichwa kwenye dirisha la kawaida. Mipango ya umeme inaweza kusimamiwa pia kwa amri ya `powercfg`.

### Linux

Kerneli ya Linux ina sehemu iitwayo cpufreq, ambamo mtumiaji huchagua kidhibiti kinachoamua kasi. Vidhibiti vya kawaida ni hivi:

- `performance` huielekeza prosesa kwenye kasi ya juu;
- `powersave` huielekeza kwenye kasi ya chini;
- `ondemand` hupandisha kasi haraka kazi inapoongezeka na kuishusha inapopungua;
- `conservative` hufanya vivyo hivyo lakini hatua kwa hatua;
- `userspace` humwachia mtumiaji au programu nyingine kuchagua;
- `schedutil`, kilichoongezwa mwaka 2016, hutumia taarifa za sehemu ya kerneli inayopanga zamu za kazi.

Kidhibiti kinachotumika husomwa katika faili `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`. Kasi ya juu huwekwa kwa amri kama `cpupower frequency-set -u 1.8GHz`, inayohitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Kwenye prosesa nyingi za Intel hutumika kiendeshi cha intel_pstate, kilichoingia katika Linux mwaka 2013. Katika hali yake ya kawaida majina hayohayo yana maana tofauti kidogo: `powersave` haiifungi prosesa kwenye kasi ya chini, bali huipandisha na kuishusha kulingana na kazi. Wasioelewa hili huhangaika bure kubadilisha kidhibiti kwenye kompyuta isiyo na tatizo. Programu kama TLP na auto-cpufreq hufanya marekebisho ya aina hii zenyewe chaja inapochomekwa au kuchomolewa.

### macOS

Apple haimpi mtumiaji njia ya kuchagua kasi kwa namba. Tangu macOS Monterey ya mwaka 2021 kompyuta zake za mpakato zina hali ya kuokoa umeme inayopunguza kasi ya prosesa na mwangaza wa skrini.

### Kupunguza volteji

Volteji iliyowekwa kiwandani huwa na akiba, kwa sababu mtengenezaji hutaka kila prosesa ifanye kazi katika hali zote, hata ile iliyotoka dhaifu kidogo kuliko wenzake. Kwa prosesa nyingi akiba hiyo inaweza kupunguzwa bila kugusa kasi. Joto hupungua, na ikiwa prosesa ilikuwa inazuiwa na joto au kikomo cha nguvu, hupata nafasi ya kukimbia zaidi. Ndiyo sababu kompyuta iliyopunguziwa volteji inaweza kumaliza kazi ndefu, kama kuhariri video, mapema kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Programu zinazojulikana kwa kazi hii kwenye prosesa za Intel ni ThrottleStop na Intel Extreme Tuning Utility kwa Windows, na intel-undervolt kwa Linux. Volteji hupunguzwa kidogo kidogo, kwa mfano millivolti 10 kila mara, kisha kompyuta hupewa kazi nzito ili kuona kama inastahimili. Inapoanza kuganda au kujizima, mtumiaji hurudi nyuma hatua kadhaa. Kwa prosesa nyingi za AMD Ryzen za kompyuta mpakato, programu ya RyzenAdj hubadilisha vikomo vya nguvu na joto.

### Kuongeza kasi kupita kiwango cha kiwandani

Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zimefungwa zisiongezwe kasi kupita kiwango chake. Chache zilizoachwa wazi, kama Core i9-8950HK, hupatikana kwenye kompyuta kubwa za michezo zenye mfumo mkubwa wa kupoozea. Kwenye kompyuta nyembamba nyongeza hiyo haina faida hata ikiwezekana, kwa kuwa prosesa hugonga kikomo cha joto kabla ya kufika huko.

## MacBook Pro ya mwaka 2018

Uzito wa programu katika suala hili ulionekana wazi Julai 2018. Apple ilitoa MacBook Pro yenye prosesa ya Core i9 ya viini sita, yenye kasi ya msingi ya 2.9 GHz. Siku chache baadaye ilionekana kwamba chini ya kazi nzito ya video kasi ilishuka chini ya kiwango hicho cha msingi, na wengi wakahitimisha kwamba umbo la kompyuta hiyo lilikuwa jembamba mno kwa prosesa iliyowekwa ndani yake.

Tarehe 24 Julai Apple ilieleza kwamba ufunguo mmoja wa kidijitali ulikosekana katika programu dhibiti, na kasoro hiyo iliathiri usimamizi wa joto na kushusha kasi kupita kiasi. Ilitoa sasisho siku hiyohiyo. Hakuna kifaa kilichobadilishwa, lakini kompyuta zilezile zilipata kasi iliyo thabiti zaidi chini ya kazi nzito.

## Usalama na Plundervolt

Uwezo wa kubadilisha volteji kwa programu uligeuka kuwa mlango wa mashambulizi. Tarehe 10 Desemba 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria na KU Leuven ya Ubelgiji walitangaza shambulio walilolipa jina Plundervolt.

Prosesa nyingi za Intel zilikuwa na eneo lililolindwa liitwalo SGX, lililokusudiwa kuhifadhi siri hata dhidi ya mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta. Watafiti walionyesha kwamba mshambuliaji aliyekwisha kupata mamlaka hayo angeweza kushusha volteji kwa muda mfupi wakati SGX inafanya hesabu. Prosesa haikuzimika, bali ilitoa jibu lisilo sahihi, na kutokana na makosa hayo funguo za siri ziliweza kukokotolewa.

Intel ilijibu kwa masasisho ya maikrokodi na BIOS yaliyowezesha kufunga njia ya kubadilisha volteji. Watengenezaji wengi wa kompyuta waliifunga, na watumiaji waliokuwa wakipunguza volteji ili kupooza kompyuta zao walipoteza uwezo huo baada ya kusasisha BIOS. Wengine hurudisha BIOS ya zamani ili kuupata tena. Kufanya hivyo huondoa pia marekebisho ya usalama yaliyokuja baadaye.

## Hatari

Kushusha kasi hakuna madhara kwa kifaa. Kupunguza volteji hakuunguzi prosesa, lakini volteji ikipungua mno kompyuta huzimika ghafla na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Kibaya zaidi ni kosa la hesabu lisiloonekana, linaloweza kuharibu faili bila dalili yoyote. Mabadiliko yanayofanywa kwa programu kwa kawaida hufutika kompyuta inapozimwa na kuwashwa upya. Kwa hiyo programu isiwekwe ijiwashe yenyewe kabla mpangilio wake haujajaribiwa kwa siku kadhaa.

Kuongeza volteji ni jambo tofauti. Huongeza joto kwa mraba, na kwa muda mrefu volteji na joto kubwa hufupisha maisha ya saketi.

Kushusha kasi kupita kiasi nako kuna hasara. Skrini, diski na kumbukumbu huendelea kutumia umeme muda wote kazi inapoendelea. Prosesa inayochukua muda mara tatu kumaliza kazi inaweza kutumia chaji nyingi kuliko ile inayomaliza mapema na kurudi kwenye usingizi wake wa kawaida.

## Mipaka ya programu

Kompyuta inayopungua kasi haihitaji marekebisho ya prosesa kila mara. Vumbi likiziba feni na matundu ya hewa, au pesti ya kupitishia joto ikikauka, joto hupanda na kasi hushuka; tiba yake ni usafi na pesti mpya. Kompyuta iliyojaa kumbukumbu au yenye diski nzito huonekana polepole hata prosesa ikiwa haina kazi.

Kuna pia kompyuta zinazojifunga kwenye kasi ya chini kabisa, mara nyingi karibu 400 MHz au 800 MHz, zinapochomekwa chaja zisiyoitambua au isiyotoa umeme wa kutosha, au betri inapoharibika. Dalili yake ni kwamba kasi haipandi kamwe hata kazi ikiwa nyingi na prosesa ikiwa ya baridi. Ubao mama ndio unaoituma prosesa ishara ya kujizuia. Programu kama ThrottleStop zinaweza kuifanya prosesa isiitii ishara hiyo, lakini ishara yenyewe ni kinga: prosesa ikivuta umeme ambao chaja dhaifu haiwezi kuutoa, chaja hupata joto na kompyuta inaweza kuzimika. Chaja na betri hukaguliwa kwanza.

Kasi na joto vikitazamwa pamoja kompyuta ikiwa kazini, sababu huanza kujulikana. Kasi ikishuka joto linapofika kikomo, tatizo ni upoozaji. Kasi ikishuka joto likiwa bado la wastani, sababu huwa ni kikomo cha nguvu, chaja au mpango wa umeme. Kasi ikibaki juu na kompyuta bado ni nzito, prosesa huenda si chanzo cha tatizo.